Kupanda rola kosta ya uhalisia pepe kwa mara ya kwanza: mwongozo kwa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini

Maswali ninayoulizwa na watu wanaotaka kujaribu miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayofunika macho yote na kukuonyesha picha kana kwamba uko ndani yake, hapa Mbeya ni yale yale. Je, nitaanguka? Je, nitatapika? Simu yangu inafaa? Mwenye miwani ya macho afanyeje? Mtoto wa miaka sita anaruhusiwa? Nimeona ni vema kuyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa hatua, ili mtu anayejaribu kwa mara ya kwanza, awe sebuleni kwake Iyunga au Kihesa, au kwenye banda la maonyesho katika viwanja vya John Mwakangale wakati wa Nane Nane, ajue la kufanya kabla hajafunika macho.

Rola kosta ni vile vigari vinavyokimbia juu ya reli zinazopanda, kushuka na kupinda, katika viwanja vikubwa vya burudani vya Ulaya na Marekani. Katika uhalisia pepe wewe umekaa kwenye kiti kilichotulia, na kinachokimbia ni picha iliyo mbele ya macho yako. Hata hivyo mwili huiamini picha hiyo kuliko unavyodhani, na ndiyo maana naomba hatua zilizo hapa chini zifuatwe kwa utaratibu wake.

Kwa nini mtu hupata kichefuchefu

Ndani ya sikio kuna mirija mitatu yenye majimaji ambayo huupa ubongo habari za mzunguko wa kichwa. Ukivaa miwani, macho huuambia ubongo kwamba unateremka kwa kasi, ilhali masikio huuambia kwamba umekaa kitako na hujasogea hata kidogo. Mgongano huo wa taarifa ndio unaoleta kichefuchefu na kizunguzungu. Katika bustani ya Europa-Park, Ujerumani, mwaka 2015, na Alton Towers, Uingereza, mwaka 2016, abiria walivalishwa miwani ya namna hii wakiwa juu ya rola kosta halisi, na picha zikapangwa ziende sambamba na reli. Huko mwili nao ulikuwa ukisogea kweli. Sisi tunaokaa kwenye kiti cha plastiki hatuna msaada huo, kwa hiyo inatubidi tuanze polepole.

Swali la kwanza ninalomuuliza kila mgeni ni hili: basi la Dar es Salaam likiwa kwenye kona za Kitonga, unajisikiaje? Anayefungua dirisha na kuomba mfuko wa plastiki kabla basi halijamaliza mlima, huyo aanze na mchezo wa dakika moja tu. Anayekula mahindi ya kuchoma kona zote bila wasiwasi anaweza kuanza na dakika tatu. Kipimo hiki si cha hospitali, lakini kinasaidia sana, kwa sababu anayesumbuliwa na kona za Kitonga mara nyingi husumbuliwa pia na miwani.

Wasiopaswa kujaribu bila kumwona daktari

Mtu mwenye kifafa, au aliyewahi kuzimia kwa sababu ya mwanga unaomulika na kuzima, asivae kabisa kabla ya kupata ushauri wa daktari. Onyo la kiafya linaloambatana na miwani za Quest, aina mojawapo ya miwani za uhalisia pepe, hueleza kwamba takriban mtu 1 kati ya 4,000 anaweza kupata kizunguzungu kikali, kukakamaa au kupoteza fahamu kutokana na mwanga wa namna hiyo, hata kama hajawahi kuwa na historia ya kifafa. Tahadhari hiyo inawahusu pia wajawazito, wazee, wenye matatizo ya moyo, na waliowekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Ukiwa na mafua makali, maumivu ya sikio, kipandauso au uchovu wa safari, ahirisha, mchezo hautakimbia.

Kuhusu watoto, kampuni ya Meta inayotengeneza miwani za Quest hairuhusu akaunti kwa mtoto aliye chini ya miaka 10, na ya mwenye miaka 10 hadi 12 hufunguliwa na kusimamiwa na mzazi. Kwa hiyo jibu kwa mtoto wa miaka sita ni hapana, hata akilia.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Miwani yenyewe. Zipo za aina mbili. Ya kwanza ni kasha la kuwekea simu, wazo lililoenezwa na Google mwaka 2014 kwa kasha la karatasi ngumu lililoitwa Cardboard. Siku hizi yapo ya plastiki pia. Ya pili ni miwani inayojitegemea, kama Meta Quest 2 iliyotoka mwaka 2020 na Quest 3 iliyotoka mwaka 2023, ambayo haihitaji simu wala kompyuta wakati wa kucheza.
- Kama unatumia kasha, simu yenye kihisi cha mzunguko kinachoitwa jairoskopu. Simu nyingi za bei ya chini hazina.
- Kiti imara chenye miguu minne na egemeo. Kiti cha ofisini chenye magurudumu hakifai kwa mara ya kwanza.
- Kitambaa laini na kikavu, cha aina ile inayofutia lenzi za miwani ya macho.
- Msaidizi mmoja mtu mzima, asiyependa mzaha.
- Maji ya kunywa, na ndoo ndogo au mfuko karibu na kiti.

Kujua kama simu ina jairoskopu ni rahisi. Fungua YouTube, tafuta video ya digrii 360, iwashe, kisha nyanyua simu na ugeuke nayo taratibu kulia na kushoto bila kugusa skrini. Picha ikigeuka pamoja nawe, simu inafaa. Ikibaki palepale mpaka uivute kwa kidole, usinunue kasha. Fedha yako itapotea. Pima pia urefu na upana wa simu kabla ya kwenda dukani, kwa sababu makasha mengi ya zamani yalitengenezwa kwa simu zisizozidi inchi 6.

Hatua za kufuata

1. Andaa tumbo na mwili. Kula chakula chepesi saa moja au mbili kabla. Ugali wa kushiba au kitoga cha ndizi kilicholiwa sasa hivi ni tatizo, lakini tumbo tupu nalo huongeza kichefuchefu. Usiwe umekunywa pombe. Wengi hufaidika na kikombe cha chai ya rangi yenye tangawizi, nami naipendekeza.

2. Andaa chumba. Weka kiti katikati, kisha unyooshe mikono pande zote na kuhakikisha haigusi meza, ukuta, chupa ya chai wala televisheni. Sasa naomba usome sehemu hii kwa makini, hasa kama unasoma mwezi wa sita au wa saba ukiwa Mbeya, Makambako au Njombe. Katika miezi hiyo watu wengi huingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha kwa sababu ya baridi. Usivae miwani katika chumba cha namna hiyo. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na dalili zake za mwanzo ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, yaani dalili zile zile ambazo mtu atadhani zimeletwa na miwani. Toa jiko nje, fungua dirisha, vaa sweta.

3. Safisha na upashe joto lenzi. Futa lenzi kwa kitambaa kikavu kwa mwendo wa duara, kutoka katikati kwenda ukingoni. Usitumie spiriti, mate, wala upindo wa kanga; spiriti huharibu utando wa lenzi na kitambaa kikavu cha pamba ngumu huacha mikwaruzo. Sponji inayogusa uso ifutwe kila anapobadilika mtumiaji. Mwenye macho mekundu asivae kabisa, na wala asione haya kusema. Mwanzoni mwa mwaka 2024 sote tuliona jinsi ugonjwa huo ulivyosambaa haraka nchini. Asubuhi za baridi, joto la uso hukutana na lenzi baridi na ukungu hutanda papo hapo. Iache miwani ndani ya chumba kwa muda, au ivae ikiwa imewashwa kwa dakika chache bila kuanza mchezo, mpaka ukungu uondoke wenyewe.

4. Andaa kifaa. Kwa simu: chaji ijae, iweke kwenye hali ya kutopokea simu, ongeza mwanga, na pakua video mapema mahali penye Wi-Fi ikiwa akaunti yako inaruhusu. Video inayotazamwa kwa miwani huchukua data nyingi, kwa sababu ni lazima uchague ubora wa juu, 1440 au 2160, la sivyo utaona vidoti vikubwa. Dakika tano za ubora wa 2160 zinaweza kumaliza zaidi ya nusu GB ya bando lako. Kwa Quest: chaji ijae, kwani betri yake hudumu takriban saa mbili, na uchague mpaka wa usalama wa mtu aliyekaa badala ya ule wa kutembea, yaani eneo ambalo miwani hukuonya ukitoka nje yake.

5. Keti, ndipo uvae. Usivae ukiwa umesimama kisha ukatafuta kiti kwa kupapasa. Nyayo zote mbili ziguse sakafu, mgongo uguse egemeo. Anza kwa kuweka miwani usoni, kisha vuta mkanda wa nyuma ushuke mpaka chini ya kisogo, mahali fuvu linapoanza kuingia shingoni. Mkanda ukibaki juu, miwani itaning'inia na uzito wote utakaa kwenye mashavu. Mwenye rasta au nywele zilizofungwa juu azishushe chini ya mkanda. Mwenye ushungi uliobana vizuri hana haja ya kuuvua. Mwenye miwani ya macho ambayo fremu yake si pana anaweza kuivaa ndani, mradi aingize na kutoa taratibu ili vioo visikwaruzane. Quest 2 huja na kipande cha plastiki cha kuongeza nafasi hiyo, nacho kisiachwe kwenye boksi.

6. Rekebisha umbali wa lenzi. Umbali kati ya mboni mbili za mtu mzima ni wastani wa milimita 63. Mwombe msaidizi aupime kwa rula huku ukitazama mbali. Quest 2 ina nafasi tatu, 58, 63 na 68. Chagua iliyo karibu na kipimo chako. Hatua hii hurukwa na wengi, na matokeo yake ni maumivu ya kichwa ambayo mtu huyalaumu kwa mchezo. Ukimaliza, sogeza miwani juu na chini kidogo mpaka maandishi yaonekane makali.

7. Weka mbele yako pawe mbele. Tazama mbele sawasawa, kisha bonyeza na ushikilie kitufe chenye nembo kwenye rimoti ya mkono wa kulia ya Quest mpaka picha ijipange upya. Kwenye video ya simu, hakikisha umekaa ukielekea mbele kabla ya kugusa alama ya miwani inayogawa skrini mara mbili. Reli ikianza ikiwa upande wa bega lako, utapanda mlima mzima shingo ikiwa imepinda.

8. Kaa kwanza mahali pasipokwenda. Kabla ya rola kosta, fungua mandhari tulivu, kama ufukwe au chumba, utazame juu, chini na pande zote kwa dakika moja au mbili. Mwili unahitaji kuzoea kwamba macho yapo kwingine. Ukijisikia vibaya hapa, vua. Siku hiyo imekwisha.

9. Chagua njia ya pole. Tafuta rola kosta inayokwenda mbele tu, isiyopinduka kichwa chini, isiyorudi nyuma, na yenye kigari unachokiona mbele ya magoti yako. Kigari hicho kina kazi kubwa: huyapa macho kitu kisichosogea. Watu huomba ile ya kutisha kuliko zote kwa sababu wameiona kwenye simu ya rafiki, nami hukataa kila mara.

10. Panda ukitazama kama dereva. Dereva wa basi hatapiki Kitonga, kwa sababu macho yake yako mbali barabarani na anaijua kona kabla haijafika. Fanya hivyo hivyo. Tazama reli mbali mbele yako, acha kichwa kikiwa kimetulia, shika kingo za kiti kwa mikono miwili na upumue kwa kawaida. Usigeuze kichwa kutazama mandhari wakati kigari kinapinda. Subiri kinapopanda mlima polepole, hapo tazama utakavyo. Anayetumia kasha la simu asijiinamishe mbele wala kando, kwa kuwa simu hutambua kugeuka kwa kichwa tu na haitambui kusogea kwa mwili. Ukiinama picha haikufuati, na kichefuchefu huanzia hapo.

11. Fumba macho ukitaka kusimama. Huna breki, lakini una kope. Ukifumba macho mwendo wote huisha mara moja, na baada ya pumzi mbili au tatu unaweza kuvua miwani ukiwa umekaa. Usiipokonye usoni ukiwa katikati ya mteremko na kusimama kwa haraka. Wengi wanaoanguka huanguka wakati huo, mchezo ukiwa umekwisha.

12. Pumzika kabla ya kuondoka. Baki kwenye kiti dakika chache, tazama kitu cha mbali kupitia dirishani, kunywa maji. Usiendeshe gari, baiskeli wala bodaboda mpaka ujisikie mzima kabisa. Mimi huwaambia watu wangoje angalau nusu saa, na zaidi kama kulikuwa na kizunguzungu.

Wakati wa kuacha

Kichefuchefu hakiji ghafla. Mara nyingi mtu hupiga miayo, mate hujaa mdomoni, kisha jasho jembamba hutokea kwenye paji la uso hata kama chumba ni cha baridi. Msaidizi anaweza kuona kabla ya mwenyewe kukiri: aliyekuwa akicheka na kupiga kelele ananyamaza, midomo inabana, vidole vinang'ang'ania kiti. Hapo mchezo usimame. Usikubali kauli ya kwamba ukivumilia utazoea, kwa maana mwili haujifunzi kwa kuteswa. Anayejilazimisha huweza kuumwa kichwa mpaka jioni, na mara inayofuata huanza kusikia kichefuchefu akiiona tu miwani mezani. Anayeacha mapema, akarudi kesho yake kwa muda mfupi, na keshokutwa tena, ndiye anayefika kwenye milima mikubwa.

Kwa msaidizi

Simama upande mmoja wa kiti, mahali ambapo unaweza kumshika bega mpandaji bila kumgusa kwa bahati mbaya. Mwambie kabla kwamba utamgusa. Kuna tabia ya vijana kumsukuma au kumvuta mtu aliyevaa miwani kusudi arekodiwe akianguka, na video hizo huchekesha wengi. Nasema kwa uzito wote: usifanye hivyo. Mtu huyo haoni, mwili wake unaamini kwamba yuko juu ya mlima, na hawezi kujikinga akienda chini. Kisogo kikigonga sakafu ya saruji, hakuna cha kuchekesha tena.

Ukijaribu kwenye banda la maonyesho

Uliza mambo matatu kabla ya kulipa: mchezo una dakika ngapi, miwani inafutwa kwa kitu gani kati ya mtu na mtu, na kama unaruhusiwa kuacha katikati. Kama kiti ni kile kinachotikisika chenyewe, hakikisha mkanda unafunga, mifukoni hamna funguo wala simu, na miguu iko juu ya kikanyagio. Mhudumu asiyekuwa na muda wa kujibu maswali hayo hatakuwa na muda wa kukusaidia ukizidiwa, kwa hiyo mpite.

Matatizo ya kawaida na namna ya kuyatatua

Unaona picha mbili zisizoungana: kwenye kasha, simu haikukaa katikati, mstari unaogawa skrini uwe sawa na katikati ya pua. Kwenye Quest, rudia hatua ya 6.

Picha inazunguka yenyewe taratibu ingawa kichwa kimetulia: jairoskopu ya simu imepoteza mwelekeo. Toa simu, ilaze juu ya meza iliyo sawa kwa muda, funga programu na uifungue upya.

Simu inapata moto na picha inakwama: toa kava la simu, punguza mwanga, punguza ubora hatua moja, na upumzishe simu kati ya mchezo na mchezo. Picha inayokwama huleta kichefuchefu hata kwa mtu aliyezoea, kwa hiyo usiendelee nayo.

Miwani inasema imepoteza mahali ilipo: Quest hutazama chumba kwa kamera zake, nazo huhitaji mwanga. Umeme ukikatika usiku, betri ya miwani itaendelea kufanya kazi lakini kamera hazitaona kitu, na picha inaweza kuruka au kuganda. Fumba macho, vua, ungoje umeme au uwashe taa ya chaji inayoangaza chumba kizima.

Kuna doa la rangi ya njano au jeusi ambalo halifutiki: hilo mara nyingi limechomwa na jua. Lenzi hukusanya mwanga wa jua na kuunguza skrini iliyo nyuma yake kwa muda mfupi sana, na doa hilo halitengenezeki. Usiiache miwani dirishani, kwenye kiti cha gari, wala juu ya meza ya nje lenzi zikiwa zimeelekea angani, hata siku ambayo baridi ya Mbeya inakufanya usahau kwamba jua linawaka. Ukimaliza kucheza, igeuze lenzi zitazame chini, ifunike kwa kitambaa na uirudishe kwenye boksi lake.